Watoto 64, mipira 2: nawafundishaje kusifiana kwa jambo la kweli uwanjani?

MwlKiwanja

Habari za kazi, walimu na makocha.

Darasa la nne, watoto 64, kipindi cha michezo dakika 40, uwanja wa vumbi. Vifaa ni mipira 2, kamba nene 1, vijiti 4 vya kupokezana na vizibao 16.

Kucheza wanacheza. Tatizo ni midomo. Kwenye rede, anayepigwa mpira mapema anaambiwa "umetutia hasara". Kwenye mbio, anayepitwa anazomewa na timu yake mwenyewe. Anayesifiwa ni yule yule mwenye mbio kuliko wote, tena hata siku aliyocheza ovyo. Wakiambiwa wasifiane, darasa zima linaitikia "hongera, umecheza vizuri" kama linavyoitikia salamu ya asubuhi, na hakuna anayejua kasifiwa kwa lipi. Wajanja wanasema "umeupiga mwingi", basi.

Nataka mtoto amwangalie mwenzake akicheza, aone anachokiweza, akiseme kwa maneno yake wakati mchezo bado wa moto. Waanze na maneno gani? Yasemwe wakati gani ndani ya hizo dakika 40? Na wazazi wanaosema "mgema akisifiwa tembo hulitia maji" nao wajibiweje?

Pasi_Tano

Mwalimu, anza na macho, mdomo utafuata. Mtoto wa miaka tisa au kumi anasema "umecheza vizuri" kwa sababu hicho ndicho alichokiona: mabao, na nani kashinda. Hajaonyeshwa bado kutazama mtu anavyojiweka wazi, anavyotua na mpira, anavyoita, anavyorudi kukaba. Ukimdai sifa ya jambo asilojua kuliona atakupa salamu, ndiyo hiyo unayoisikia.

Chagua tendo moja kwa kipindi kimoja. Moja tu. Kipindi cha kwanza kiwe "kujiweka wazi". Waite watoto wanne mbele. Mmoja ashike mpira, wa pili asimame nyuma kabisa ya mkabaji, aombe pasi. Haiwezekani. Sasa atoke hatua mbili pembeni, anyooshe mikono. Uliza darasa: "Amefanya nini?" Usikubali jibu "amecheza vizuri". Subiri mpaka mtu aseme "ametoka nyuma ya beki". Hiyo ndiyo sentensi ya siku, na imetoka kwao.

Mchezo: pasi tano. Timu ikipasiana mara tano mfululizo bila mpira kuanguka wala kunyang'anywa, pointi 1. Azima sheria za netiboli: hakuna kukimbia na mpira, utoke mkononi ndani ya sekunde 3, mkabaji akae mbali kidogo na mwenye mpira (netiboli ni mita 0.9; kwa watoto sema hatua moja kubwa). Sheria hizi zinasaidia sana hapa, maana mwenye mbio hawezi kuuchukua mpira akaondoka nao peke yake. Lazima amtafute mwenzake.

Mpango wa watoto 64: vituo 4, kila kituo watoto 16. Wanane wanacheza 4 kwa 4, wanane wanatazama. Vizibao 16 vinatosha kabisa, 4 kila kituo. Mipira unayo 2, mingine 2 shona ya soksi: matambara yaliyobanwa sana ndani, kamba ya katani au nailoni juu, ukubwa wa ngumi mbili za mtu mzima. Usijaze karatasi tupu, itabonyea kabla ya raundi ya pili na watoto watalaumiana kwa kosa la mpira. Eneo la kila kituo hatua 12 kwa 12, mistari ya majivu.

Kila mtazamaji anapewa mchezaji mmoja wa kumtazama, kwa namba: namba 1 anamtazama namba 1. Usiwaache wachague. Wakichagua watamtazama rafiki au nyota, na wale sita waliobaki hawana jicho.

Muda: kupasha misuli dakika 5, kuonyesha tendo 3, raundi 4 za dakika 5, na kati ya raundi na raundi mapumziko ya dakika 2 (yako matatu). Duara dakika 4, kukusanya vifaa 2. Jumla 40. Kwenye mapumziko mtazamaji anamwendea mchezaji wake, anasimama mbele yake uso kwa uso, anasema sentensi moja, wanabadilishana kizibao na nafasi. Sifa za raundi ya nne zinasemwa mwanzoni mwa duara. Usizihamishie zote kwenye duara; mtoto akingoja dakika 20 ameshasahau alichokiona, atabuni.

Mkuu wa shule anaweza kuuliza mbona kila mtoto anacheza dakika 10 tu. Mwonyeshe hesabu ya kugusa mpira. Kwenye 4 kwa 4 hakuna mtoto atakayekaa dakika 5 bila kuugusa. Kwenye mchezo wa 32 kwa 32, nusu ya darasa wanamaliza kipindi wakikimbia vumbi.

Kiunzi cha sentensi: jina, tendo, lilichosaidia. "Neema, ulitoka nyuma ya beki ukanyoosha mikono, mpira ukakufikia."

Yanayoharibika mara nyingi ni haya. Mtoto anasifu umbile: "una miguu mirefu". Mwenye miguu mifupi amejifunza nini hapo? Mwambie: "Miguu hiyo ilifanya nini?" Mwingine analinganisha: "umedaka kuliko Baraka". Baraka amezomewa kwa adabu. Mwingine anatia "lakini": "umedaka vizuri lakini unakimbia polepole". Mwenzake atakumbuka kilichokuja baada ya "lakini", cha kabla yake kimepotea. Marekebisho ni kazi yako wewe mwalimu, kwa wakati wake. Na usigawe pipi wala pointi kwa anayesifu. Wiki hiyo hiyo wataanza biashara ya nisifu nikusifu.

Makofi ya darasa zima yaje baada ya sentensi. Yakija kabla, yanaifunika.

Ticha_Kilifi

Naongeza kitu kimoja cha lugha, walimu. Andika vitenzi ubaoni, usiandike vivumishi. Hodari, mzuri, bora, mkali: haya yote yanamtaja mtu. Kitenzi kinataja alichofanya. Kudaka, kukwepa, kukinga, kuita, kumpisha mwenzako, kurudi nyuma, kutulia, kusubiri, kumwinua aliyeanguka. Vitenzi kama hivi 12 kwenye kipande cha boksi, herufi kubwa, kinatundikwa kwenye mti wa uwanjani.

Sentensi ianze na "Nimeona ulivyo...". "Nimeona ulivyorudi kukaba." "Nimeona ulivyompisha Zawadi." Neno "nimeona" linamfunga msemaji: asiyeona hana la kusema, na wenzake watamuuliza "uliona lini?"

Na wakisema "umeupiga mwingi" msiwagombeze. Ni neno lao na lina furaha ndani yake. Ulizeni tu: "Mwingi upi?" Mtoto atamalizia mwenyewe.

Skuli_Unguja

Assalaam alaykum, walimu wenzangu.

Pasi_Tano ameeleza vyema upande wa anayesifu. Upande wa anayesifiwa nao unataka somo lake. Mtoto asiyezoea sifa akisifiwa huinamisha kichwa, hucheka, au hukana: "aa, wapi, nimebahatisha". Msifuji naye huona haya, na mara ya pili hasemi. Kwa hivyo wazoezeni kupokea kabla ya mchezo, dakika 1 tu, wawili wawili: tazama uso, sema "asante" au "ahsante, nimekusikia", nyamaza. Asirudishe sifa hapo hapo. Sifa iliyorudishwa papo hapo ni adabu ya kulipa deni, haikutoka machoni.

Jambo la pili, huku kwetu Unguja na Pemba, na nadhani hata Mombasa, mzazi akisikia mtoto wake anasifiwa bila ya "mashallah" hukunja uso. Anaogopa kijicho, na hasa akisifiwa umbo au nguvu za mwili. Msilipuuze hilo mkaliona ushirikina wa mtaani, wala msibishane na mzazi. Liingizeni katika sentensi: "Mashallah, Zuwena, nimeona ulivyochimbia visigino." Kwa watoto ni neno la nyumbani, wanalisema bila ya kujilazimisha, na mzazi anayepita pembezoni mwa uwanja anatulia.

La tatu, hiyo kamba yenu. Kuvuta kamba ni mchezo mzuri sana kwa somo hili kwa sababu mtoto mzito, ambaye katika mbio hana sifa, hapa ndiye nguzo. Lakini ukiachia hivi hivi watasifu uzito tu, na uzito ni umbile. Gawa kazi. Kila upande watu 8: mmoja wa mbele anayeangalia alama ya katikati, mmoja wa mwisho anayekaa imara, na mmoja wa kuita mdundo, "moja, mbili, hee!" Watano waliobaki wavute pale "hee" inaposikika, si kabla. Wakubwa katika mashindano ya kimataifa hushinda kwa kuwavuta wenzao mita 4. Kwa darasa la nne mita 2 zinatosha, kila mvuto usizidi sekunde 30, baina ya mvuto na mvuto wapumzike dakika 2.

Vya kutazama: nani alichimbia visigino asisogezwe, nani alilaza mgongo badala ya kuvuta kwa mikono mitupu, sauti ya nani ilisikika mpaka mwisho, nani alingoja mdundo. Hivi vyote vinaonekana kwa mtu aliyekaa pembeni. Na hapa inafaa sifa ya kundi pia: "Mlivuta pamoja kila alipoita."

Tahadhari ambayo hairukwi: mtoto asijizungushie kamba mkononi wala kiunoni, na asiiachie ghafla ili wenzake waanguke. Ngozi ya viganja huchunika na vidole huvunjika. Yule wa mwisho anaishika kama wenziwe, haifungi mwilini.

Malezi_na_Michezo

Nijibu la mgema, maana ni swali la haki na wazazi wanaolileta hawajakosea.

Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa watoto wa darasa la tano. Watoto walifanya mafumbo, wakafaulu, kisha kundi moja likasifiwa kwa akili na jingine kwa juhudi. Baadaye walipewa kuchagua kazi. Waliosifiwa akili walielekea kuchagua kazi rahisi iliyowahakikishia kuonekana wana akili, na waliosifiwa juhudi wengi walichagua ile ya kuwafunza kitu. Baada ya mafumbo magumu waliyoshindwa, waliosifiwa akili hawakuifurahia kazi kama wenzao, wakashuka, na wengi zaidi kati yao walidanganya alama zao walipoambiwa waziandike. Ndiye mgema huyo. Mtu aliyesifiwa nafsi yake ana kitu cha kulinda, na njia nyepesi ya kukilinda ni kutia maji.

Wazazi waelezwe hivi: methali inamzungumzia mgema aliyesifiwa yeye. Sifa tunayoifundisha uwanjani inaliendea tembo la leo, tena na mtu aliyelionja. Kesho likiwa na maji, hakuna sifa. Na methali hiyo haiko peke yake. Wazee hao hao ndio waliosema chanda chema huvikwa pete. Zote mbili zina mahali pake.

Sifa za kupuliza nazo zina hatari yake. Mwaka 2014 mtafiti Eddie Brummelman wa Uholanzi na wenzake walionyesha kwamba watu wazima huwa na tabia ya kumpa sifa zilizovimba mtoto anayejidharau, wakidhani wanamwinua, na mtoto huyo huyo ndiye ambaye sifa hizo humfanya akwepe jambo gumu. Akiambiwa "umedaka ajabu, hakuna kama wewe", anajiuliza kesho atadaka vipi ajabu tena. Kwa hiyo mwalimu usiwafundishe kupaza. "Nimeona ulivyodaka kwa mikono miwili" inatosha. Haina haja ya "sana sana".

Sasa nimpinge Pasi_Tano mahali pamoja. Kiunzi cha "jina, tendo, lilichosaidia" kina shimo. Kikitumika kila siku, watoto wataanza kusifu yaliyofanikiwa peke yake. Zawadi anajiweka wazi vizuri kabisa, mwenzake hamwoni, mpira unaenda kwingine. Hakuna "lilichosaidia", kwa hiyo hakuna sifa, na Zawadi anajifunza kwamba kujiweka wazi kuna maana pale tu wengine wanapokuona. Naomba kipande cha tatu kiwe hiari, au kiwe "hata kama".

Pasi_Tano

Umenigusa penyewe, nakubali. Iwe hivi: "Zawadi, nimeona ulivyotoka pembeni mara mbili, hata kama pasi haikuja." Wiki mbili za kwanza kipande cha matokeo kinawasaidia kuona kwa nini tendo lina maana, kwa sababu bila hicho mtoto anataja chochote, hata kufunga kamba ya kiatu. Wiki ya tatu ingiza "hata kama". Na mwalimu awe wa kwanza kulisema, kwa mtoto ambaye timu yake imetoka kushindwa.

MwlKiwanja

Nawashukuru wote. Nimeandika. Wamebaki wawili wananisumbua akili. Wa kwanza ni mtoto anayekimbia polepole kuliko wote, ana mguu mmoja dhaifu, na ukimwambia mwenzake amsifu anasema "haachi kujaribu", basi, kila siku hilo hilo. Wa pili ni yule nyota. Kila mtu anamsifu na yeye hamsifu mtu. Na nitajuaje ni nani hajasifiwa na mtu kati ya 64?

Kijiti_4x100

Mwalimu, "haachi kujaribu" ni huruma, na mtoto wa miaka kumi anaijua huruma inavyonuka. Ukisikia sifa hiyo mara mbili kwa mtoto yule yule, ujue kosa liko kwenye mchezo. Umempanga mahali ambapo anachokiweza hakionekani. Usimsukume mwenzake atafute neno zuri zaidi. Badilisha mchezo.

Una vijiti 4. Mbio za kupokezana ndilo jibu la wote wawili, wa polepole na nyota, ukizifundisha kama ufundi wa kupokezana. Fanya hivi.

Kipindi cha kwanza, pima kila mtoto mita 40 peke yake, akianza kwa kusimama. Saa ya simu inatosha. Watoto 64 kwa mmoja mmoja watakumaliza kipindi, kwa hiyo wapige mbio wanne wanne na uwe na watunza saa wanne. Tumia simu za walimu wenzako kama zipo, au ligawe zoezi kwa vipindi viwili. Andika. Kisha panga timu za wanne wanne ili jumla za muda zikaribiane, mwenye mbio pamoja na wa polepole. Usiwape manahodha wawili wachague kwa zamu. Mtoto anayebaki wa mwisho hapo ameshasemwa na darasa zima kabla ya filimbi, na hakuna sifa ya baadaye itakayolifuta.

Tuseme timu ina sekunde 8, 8.5, 9 na 9.5. Jumla 35. Sasa wakimbie kupokezana mita 160, mita 40 kila mmoja. Wakipokezana vizuri watatumia chini ya 35, tuseme 33.5, kwa sababu mpokeaji anakuwa ameshaanza kukimbia kijiti kinapomfikia, hapotezi muda wa kung'oka. Hiyo sekunde 1.5 ni mali ya mikono, haina mwenye mbio. Timu inashindana na jumla yake yenyewe, na anayeokoa muda mwingi ndiye mshindi. Utaona timu yenye mkimbiaji wa polepole inaipita timu ya wenye kasi waliosimama kupokea kwa kugeuka nyuma.

Kupokezana kwenyewe kufundishwe pole pole. Mpokeaji anaweka alama ya kuondokea nyuma yake, mstari wa chaki au majivu, kwa kuanzia nyayo 10 zake mwenyewe. Mleta kijiti akikanyaga mstari, mpokeaji anaondoka bila kugeuka. Mleta anaita "shika!" na hapo ndipo mkono wa mpokeaji unanyooka nyuma, kiganja wazi, unatulia. Kijiti kinasukumwa ndani ya kiganja. Mpokeaji akiondoka akamwacha mwenzake, punguza nyayo 2. Wakigongana, ongeza 2. Mtoto mwenye mguu dhaifu akiwa ndiye mleta kijiti, mstari unakuwa karibu zaidi, na timu yake ndiyo inayoupima na kuujua. Jambo hili lina thamani kuliko sentensi kumi: wenzake wanalazimika kumsoma anavyokimbia.

Vya kutazama hapa ni vitano na vyote vinaonekana kwa jicho. Mkono ulitulia au ulikuwa unatapatapa? Mleta kijiti alikimbia mpaka mwisho, au alipunguza mwendo hatua tatu kabla? "Shika!" ilisikika? Mpokeaji alingoja mstari ukanyagwe? Kijiti kikianguka, aliyekiangusha alikiokota mara moja, au wawili walisimama kulaumiana? (Kwa kanuni za riadha anayekiokota ni yule aliyekiangusha, na wafundishwe hivyo tangu sasa.)

Mtoto yule mwenye mguu dhaifu anaweza kuwa na mkono uliotulia kuliko wote darasani. Hapo mwenzake atasema: "Nimeona ulivyonyoosha mkono haukutikisika, nikaweka kijiti mara moja." Hiyo ni sifa, na ana haki nayo. Asipoweza kukimbia kabisa siku hiyo, mpe saa. Mtunza saa anayebonyeza pale kifua kinapovuka mstari, na akasoma namba bila kuipamba timu yake, amefanya kazi ya ufundi. Isiwe kazi ya kumweka kando, iwe na zamu, na nyota naye apite hapo.

Kuhusu nyota: mkimbiaji mwenye kasi mara nyingi ndiye anayepokea vibaya, kwa sababu anawahi kuondoka. Atajifunza kwa saa, si kwa kusemwa. Mweke awe mtazamaji raundi mbili za kwanza, na mpe wa kumtazama anayemzidi kitu. Usimwambie "tafuta jambo jema kwa mwenzako". Mwambie "nenda kaone mkono wa namba 6, uje unieleze unafanyaje, kisha umwambie mwenyewe". Amepewa kazi ya kiufundi na anaiheshimu. Sifa itatoka ndani yake.

Kumbukumbu: daftari la mistari, majina 64 upande wa kushoto, safu moja kwa kila kipindi. Kwenye duara kila kituo kinakutajia nani alisifiwa na nani alisifu. Unatia kijistari kwa aliyesifiwa na nukta kwa aliyesifu. Usilisome daftari mbele ya watoto hata siku moja. Mtoto akipita vipindi vitatu bila kijistari, kipindi cha nne kazi ni yako: mtazame wewe dakika 5 nzima, ujue anaweza nini, kisha umpange kwenye kituo ambacho hicho kitaonekana. Mtoto akipita vitatu bila nukta, mpunguzie kazi, mpe kitenzi kimoja cha kutafuta badala ya vyote. Usimwagize mtoto "leo msifu fulani". Fulani atajua. Wenzake nao watajua.

Skuli_Unguja

Naunga mkono hilo la daftari kufichwa. Na mwalimu, upande wa pili wa uwanja msiusahau. Baada ya wiki ya nne, mtazamaji apewe mchezaji wa timu pinzani. Ni vigumu zaidi, msianze nayo. Wakitoka wameshindwa kwa pointi 1 na mtoto akaweza kusema "nimeona ulivyotukinga", macho yameshafunguka.

MwlKiwanja

Mpango wangu basi. Wiki ya 1 na 2: pasi tano, tendo "kujiweka wazi", sentensi nazisema mimi kwanza halafu wao, zoezi la kupokea dakika 1. Wiki ya 3: "hata kama", na tendo la pili, kudaka kwa mikono miwili. Wiki ya 4: kamba, kwa kazi alizozitaja mwalimu wa Unguja. Wiki ya 5 na 6: vijiti, kupima kwanza. Boksi la vitenzi mtini tangu siku ya kwanza. Kiunzi cha sentensi nakiondoa wiki ya 7 nione wanasema nini wenyewe. Ninaanza Jumanne, saa tisa alasiri. Kuna nilipokosea?

Pasi_Tano

Wiki ya 1 na 2 usijaze raundi zote nne. Kuhamisha watoto 64 kutoka kucheza kwenda kutazama kutakula dakika zako mpaka wazoee. Fanya raundi 2 za dakika 7, na mapumziko yake yawe ya dakika 4. Mipira ya soksi ishonwe kabla ya Jumanne, mitatu badala ya miwili, mmoja utafumuka. Ubao wa vitenzi anza na vinne, vingine waongeze wao kadiri wanavyoviona.

Na kwa saa tisa jua litakuwa magharibi. Kwenye kila mapumziko simama wewe upande wa mashariki, na wale wawili wanaozungumza wasimame ubavu kwa jua, mmoja kaskazini mwingine kusini. Anayeangalia jua anafumba macho na kuinamisha kichwa, na mwenzake atadhani amekataa sifa yake.